Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA KISOMO CHA WATU WAZIMA
Afya ya Nyumbani: Taabu zinazobaki baada ya kuacha ulevi

(Kwa kiongozi wa darasa: Andika maneno haya ubaoni kabla ya kufungua redio. Darasa liyasome kwa sauti mara mbili.)

uraibu: hali ya mwili na akili kuzoea kilevi, hata mtu asiweze kukiacha kwa urahisi
mraibu: mtu mwenye uraibu
arosto: maumivu na taabu zinazompata mraibu anapokosa kilevi chake
hamu: tamaa kubwa ya kutaka kitu
misuli: nyama za mwili zinazokaza na kulegea ili tupate kujongea

MWALIMU: Leo nimekaa na wanafunzi watatu wa darasa la kisomo: Mzee, Mama na Kijana. Hao watauliza maswali kwa niaba yenu.

Wazee wetu wamesema, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Maana yake, ukiona kidonda kimefunga juu, usidhani maumivu yamekwisha chini. Methali hii yawafaa sana watu walioacha pombe, au gongo, au unga. Mtu ameacha, mwezi umepita, nasi twasema, "Alhamdulillahi, amepona." Kumbe ndani bado ana taabu. Wengi hurudi kwenye kilevi wakati huo huo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba taabu hizo zitakuja, wala kwamba zitakwisha. Basi leo tutajifunza taabu hizo ni zipi, zatoka wapi, na mtu afanye nini kwa mwili wake na akili yake ili azivumilie mpaka zipite.

SIKU ZA KWANZA

MWALIMU: Kwanza yatupasa kutenganisha mambo mawili. Kuna taabu za siku za kwanza, na kuna taabu zinazobaki.

Mtu aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku, akiacha kwa ghafula, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi kabla siku moja haijaisha. Wengine, katika siku 2 za kwanza, huanguka kama mtu mwenye kifafa. Wengine, kati ya siku ya 2 na ya 4, huweweseka, huona vitu visivyokuwapo, na moyo huwaenda mbio. Hali hiyo yaweza kuua.

Kwa mtu wa unga, arosto huanza kabla siku haijaisha. Mifupa humwuma, kamasi humtoka, hutapika na kuharisha. Taabu hiyo hupanda sana siku ya 2 na ya 3, kisha hupungua baada ya juma moja hivi.

MZEE: Mwalimu, kwetu mtu wa namna hiyo hufungiwa chumbani mpaka imtoke.

MWALIMU: Asifungiwe, Mzee wangu. Apelekwe hospitali, kwa sababu ziko dawa za kumlinda asianguke na asikaukiwe na maji mwilini. Mambo ya kupumua na kutulia ambayo nitayaeleza leo hayawezi kuzuia kifafa cha pombe. Kazi yake huja baadaye, mtu akisha kuvuka hatari hiyo.

TAABU ZINAZOBAKI

MAMA: Mwalimu, mimi nina kaka yangu. Huu ni mwezi wa tatu tangu aache gongo. Twakaa nyumba moja, kwa hiyo najua kwamba hanywi. Lakini usiku hulala saa mbili au tatu tu, kisha hukaa macho. Mtoto akiangusha kikombe, yeye hufoka kama nyumba inaungua. Akitumwa dukani vitu vitatu, huleta kimoja. Majirani wasema amerogwa. Mume wangu asema anakunywa kwa siri, na afadhali aondoke kabla hajatuharibia nyumba.

MWALIMU: Asante, Mama, kwa kusema wazi. Mimi sikumwona kaka yako, na mganga wa hospitali ndiye wa kumpima. Lakini mambo uliyoyataja ni yale yale yanayowapata watu wengi walioacha kweli kweli. Sikilizeni, nitayahesabu. Kukosa usingizi, au kuota ndoto za kunywa. Hasira za ghafula. Wasiwasi usio na sababu. Kusahau, na kushindwa kutuliza akili juu ya kazi moja. Kutoona raha katika jambo lo lote. Na hamu ya kilevi inayokuja bila hodi.

Tena taabu hizi hazikai sawasawa. Mtu aweza kupata juma zima la kheri, kisha siku moja yote yakarudi pamoja, hasa akiwa na njaa, au amechoka, au amegombana na mtu, au ni siku ya mshahara. Akidhani amerudi mwanzo, hukata tamaa. Lakini hakurudi mwanzo. Kwa kawaida siku mbaya huzidi kuachana, na nguvu zake huzidi kupungua, kadiri miezi inavyopita.

KIJANA: Lakini pombe imekwisha kutoka mwilini. Kwa nini taabu zibaki?

MIZANI YA UBONGO

MWALIMU: Ni swali zuri. Nyote mmepata kuona mizani yenye sahani mbili. Fikirini kwamba ubongo wetu una mizani kama hiyo. Sahani moja ni ya kuamsha, na ya pili ni ya kutuliza. Pombe huongeza uzito katika sahani ya kutuliza, ndiyo maana mnywaji hulegea na kusinzia.

Sasa mtu akinywa kila siku, ubongo haukubali mizani ilale upande mmoja. Nao huongeza mawe katika sahani ya kuamsha, ili zipate kuwa sawa. Kwa hiyo mlevi wa siku nyingi hunywa sana asilewe upesi. Siku anapoacha, sahani ya kutuliza yabaki tupu, na mawe ya kuamsha yangalipo. Mizani yaanguka kwa kishindo. Hiyo ndiyo arosto ya siku za kwanza.

Ubongo huyaondoa mawe makubwa katika siku chache. Yale madogo huyaondoa moja moja, kwa miezi mingi, na kwa watu wengine hata zaidi ya mwaka. Hayo madogo ndiyo yanayomkesha mtu usiku na kumtia hasira.

MZEE: Na kule kutoona raha?

MWALIMU: Kilevi humletea mtu raha kubwa kupita kiasi. Mtu akaaye mchana kutwa karibu na mashine ya kusaga unga wa mahindi, akitoka nje hasikii sauti ndogo. Ndivyo ulivyo ubongo wa mraibu. Chakula kizuri, mazungumzo barazani, kicheko cha mtoto, vyote ni sauti ndogo kwake. Masikio hayo hufunguka tena, lakini polepole.

KIJANA: Basi dawa yake ni kungoja tu?

MWALIMU: Ni kungoja, lakini asingoje mikono mitupu. Mwili na akili ni kama watu wawili waliofungwa kamba moja. Akili ikifadhaika, moyo waenda mbio, pumzi yawa fupi, mabega yapanda. Hayo twayajua. Lakini kamba yavuta pande zote mbili: mwili ukitulizwa, akili nayo hufuata. Nitawaonyesha njia nne. Hazina gharama.

NJIA YA KWANZA: PUMZI

MWALIMU: Tufanye pamoja, nanyi mlioko darasani. Kaeni vizuri, miguu chini. Weka mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua, nami nahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Tumbo liinue mkono wako. Sasa toa polepole kwa kinywa, kama mtu anayepoza uji: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tena.

(Kimya kidogo. Darasa liendelee mara tano.)

MAMA: Mabega yangu yameshuka yenyewe.

MWALIMU: Naam. Angalieni kwamba kutoa ni kurefu kuliko kuvuta. Sababu yake ni hii: tunapovuta pumzi moyo hupiga upesi kidogo, na tunapotoa hupiga polepole zaidi. Anayerefusha kutoa aupa moyo nafasi ya kupoa. Yatosha dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni. Ukiona kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida.

Jambo moja la kukumbuka: jizoeze siku ambazo hakuna taabu. Mvuvi hajifunzi kuogelea siku ile chombo kinapozama.

NJIA YA PILI: KUKAZA NA KULEGEZA

MWALIMU: Njia hii ilielezwa na daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1929. Aliona kwamba mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli yake pasipo kujua, na kwamba akijifunza kuilegeza, wasiwasi nao hupungua.

Lala chali. Kaza nyayo na vidole vya miguu, hesabu mpaka tano. Kisha achia vyote kwa mara moja, hesabu mpaka kumi, ukisikiliza jinsi miguu inavyokuwa mizito. Halafu kaza mapaja, uachie. Halafu tumbo. Halafu viganja na mikono. Halafu mabega. Mwisho uso, kwa kufumba macho na kubana taya, kisha achia.

Njia hii yawafaa wenye kukosa usingizi. Lakini isaidieni kwa mambo mengine. Mtu alale na kuamka saa ile ile kila siku. Asinywe chai ya rangi wala kahawa tangu alasiri. Usingizi ukikataa, asigaegae kitandani kwa saa nyingi. Aondoke, aketi kimya mahali penye mwanga hafifu, na usingizi ukija arudi.

NJIA YA TATU: KUPANDA WIMBI

KIJANA: Mwalimu, hamu yenyewe ikija je? Rafiki yangu aliyeacha unga asema hamu ikija ni kama mtu anakushika shingo.

MWALIMU: Rafiki yako asema kweli. Katika mji wa Seattle, Marekani, alikuwako mtaalamu wa elimu ya nafsi, Alan Marlatt, aliyefariki mwaka 2011. Yeye aliwafundisha watu waitazame hamu kama wimbi la bahari. Nyinyi wa pwani mwajua: wimbi likija, ukisimama ulipige kifua, lakuangusha. Lakini ukiliacha likuinue, lapanda, lafika juu, kisha lashuka lenyewe.

Hamu ikija, fanya hivi. Keti. Iseme kwa jina lake: "Hii ni hamu." Itafute mwilini. Je, iko kooni? Iko tumboni? Iko mikononi? Itazame jinsi inavyozidi, huku ukipumua kama tulivyojifunza. Usigombane nayo, wala usiitii. Itazame mpaka itakapoanza kushuka. Mara nyingi haipiti dakika 30. Na kila wimbi unalolipanda bila kunywa, lijalo huwa rahisi zaidi kulipanda.

MZEE: Je, jambo hili limepimwa, au ni maneno tu?

MWALIMU: Limepimwa, Mzee. Mwaka 2014 wataalamu wa Seattle walitangaza habari za watu 286 waliokuwa wamemaliza matibabu ya uraibu. Waligawanywa katika makundi matatu, na kundi moja likafundishwa kutuliza akili na kuitazama hamu. Baada ya mwaka mmoja, watu wa kundi hilo walikuwa na siku chache zaidi za kutumia kilevi kuliko wa makundi mengine. Lakini yafaa niseme kweli yote: utafiti mwingine uliofuata haukuona tofauti kubwa namna hiyo. Basi ni njia ya kusaidia. Si ya kumaliza kazi peke yake.

NJIA YA NNE: MWENDO

MWALIMU: Njia ya nne mwaijua. Kutembea, kulima, kucheza mpira. Mwili unaojongea hulala vizuri zaidi, na moyo mzito hupata wepesi. Mtu aanze kwa mwendo wa dakika 10, aongeze mpaka dakika 30, siku nyingi za juma. Akipata mwenzake wa kwenda naye ni vizuri zaidi, kwa kuwa saa ya jioni, saa ya kilabuni, ndiyo saa ngumu. Wahindi nao wana mazoezi yao yaitwayo yoga, yanayounganisha kunyosha viungo na kupumua. Anayeyapata na kuyapenda, nayo pia yamfaa.

MZEE: Nimesikia Wachina huchoma sindano masikioni ili kuondoa arosto.

MWALIMU: Habari hiyo ni ya kweli, tena ina kisa. Mwaka 1972 huko Hong Kong, daktari mpasuaji aitwaye H. L. Wen alimchoma mgonjwa sindano za Kichina ili kumtayarisha kwa kupasuliwa. Mgonjwa huyo alikuwa mraibu wa afyuni, naye akasema kwamba arosto yake imepungua. Katika miaka ile ile ya 1970 hospitali ya Lincoln, New York, ikaanza kutumia sindano, na mwisho wakachagua sehemu tano za sikio. Watu wengi wakasema wanaona utulivu.

Lakini mwaka 2002 yalitangazwa majaribio makubwa ya watu 620 waliokuwa waraibu wa kokeini. Wengine walichomwa mahali panaposemwa kuwa ndipo, wengine mahali pasipo maana, na wengine hawakuchomwa, walioneshwa picha za kutuliza moyo. Makundi yote yakawa sawa. Basi mtu asiuze mbuzi wake kwa ajili ya sindano za sikio. Na sindano yo yote isiyo safi yaweza kuleta UKIMWI na homa ya ini.

MAMBO YA KUJIHADHARI

MWALIMU: Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa pana uhai na kifo.

La kwanza: mambo haya ni nyongeza ya matibabu. Hayachukui mahali pa dawa. Kwa waraibu wa unga kuna dawa iitwayo methadoni, ambayo mtu huinywa kila siku mbele ya mwuguzi. Ilianza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na huko Kenya ilianza mwaka 2014. Anayeitumia asiiache kwa sababu amejifunza kupumua. Afanye yote mawili.

La pili: asibadilishe mwiba kwa mwiba. Vidonge vya usingizi visivyoandikwa na mganga, na bangi ya kutuliza mawazo, huongeza mawe mapya katika ile mizani.

La tatu: mtu aliyeacha unga, hata kwa majuma machache, mwili wake hauna tena nguvu ya kuhimili kipimo cha zamani. Akirudia kipimo kile kile, aweza kuacha kupumua akafa. Wengi wamekufa hivyo, baada ya kutoka gerezani au hospitalini. Kwa hiyo mtu akiteleza, asifichwe wala asifukuzwe. Apelekwe kwa mganga upesi.

La nne: akisema kwamba afadhali afe, msimwache peke yake. Twendeni naye hospitali siku hiyo hiyo.

MAMA: Mwalimu, nimwambie nini mume wangu?

MWALIMU: Mwambie kwa adabu mambo matatu. Kwanza, shemeji yake aenda kupimwa, ili tujue kama kuna ugonjwa mwingine. Pili, hasira na kusahau katika miezi ya kwanza huwapata watu wengi walioacha kweli, kwa hiyo peke yake si ushahidi kwamba anakunywa. Tatu, mtu huyu ahitaji mambo yasiyobadilika: saa ya kula, saa ya kulala, kazi ndogo anayoweza kuimaliza. Akitumwa vitu vitatu, aandikiwe kwenye karatasi. Ndiyo faida ya kisomo. Lakini akipiga watu, hilo msilivumilie kwa jina la ugonjwa. Waiteni wazee na mganga.

Na majirani wanaosema amerogwa, waambie: bandu bandu huisha gogo. Yuko kazini, anachanja gogo lake. Tusimnyang'anye shoka.

MANENO YA KUSOMA KWA SAUTI

(Kila mwanafunzi asome mstari mmoja.)

Kidonda kimefunga, lakini ndani bado chauma.
Ubongo huondoa mawe madogo moja moja.
Vuta pumzi kwa nne, toa kwa sita.
Hamu ni wimbi. Wimbi hupanda, wimbi hushuka.
Kupumua ni msaada. Dawa ya mganga isiachwe.
Aliyeteleza apelekwe hospitali upesi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mtu aliyezoea pombe nyingi asiache kwa ghafula bila kumwona mganga?
2. Taja taabu nne zinazoweza kubaki baada ya mtu kuacha kilevi.
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mfano wa mizani.
4. Kuna hatari gani mtu aliyeacha unga akirudia kipimo chake cha zamani?
5. Katika kijiji au mtaa wenu, watu walioacha ulevi wana mahali gani pa kukaa saa ya jioni? Kama hapapo, darasa laweza kufanya nini?

MWALIMU: Swali la tano msilipite upesi. Lizungumzeni, mwandike majibu yenu, na kiongozi ayasome mbele ya darasa. Katika somo lijalo tutasoma habari za maji safi na kuchimba kisima. Leteni daftari na kalamu.